Shangazi, kila mwezi simu inasema nimechelewa

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 26, naishi Uyole hapa Mbeya, nauza viazi na maharage sokoni. Niko kwenye ndoa mwaka wa tatu sasa. Mwaka wa kwanza nilichoma sindano za miezi mitatu, maana tulikuwa tunajenga na mume wangu aliomba tusubiri kidogo. Niliziacha, inakaribia miaka miwili. Mtoto hajapatikana.

Mume wangu ni dereva wa semi. Anatoa mizigo Dar kupeleka Zambia, mara nyingine Kongo. Akipita Uyole analala nyumbani siku mbili, tatu, akibahatika nne, kisha anaendelea Tunduma, na foleni ya huko ndiyo inayoamua atarudi lini. Kwa hiyo ikabidi nijifunze kuhesabu siku. Nesi mmoja aliniambia siku ya kushika mimba ni ya 14 tangu damu ilipoanza. Nikapakua programu ya kalenda kwenye simu, nayo ikasema hivyohivyo, siku ya 14 imechorewa ua. Basi huwa nampigia mume wangu akiwa njiani, namwambia jitahidi ufike tarehe fulani. Mwaka huu amejitahidi kweli, mpaka safari moja alikwaruzana na bosi wake.

Sasa shida yangu. Tunakutana siku hizo, anaondoka, mimi nabaki kusubiri. Tarehe ambayo simu imesema nitaingia kwenye siku zangu inafika, sioni kitu. Simu inaandika "umechelewa siku moja", kesho yake "siku mbili". Moyo unaruka. Nanunua kipimo, mstari mmoja. Nanunua kingine, mstari mmoja. Halafu siku ya nne, ya tano, ya sita, mara moja hata ya saba, damu inatoka. Mwezi wa kwanza nilisema bahati mbaya. Sasa ni kila mwezi. Mama mkwe, ambaye tunakaa uwanja mmoja, anasema hizo ni mimba zinazoingia na kutoka, eti nina chango la uzazi na sindano zimenichoma kizazi. Ameniletea dawa ya mizizi kutoka kwao Rungwe, nakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Ni chungu na inaniharisha. Nashindwa kumkatalia, mama wa watu ananipenda kweli. Lakini Shangazi, ninalia usiku. Kichwani mwangu nimeshapoteza watoto wanne tangu mwaka uanze, na mume wangu hajui.

Kuna jambo jingine. Siku chache baada ya mume wangu kuondoka huwa natokwa na uteute mwingi wa kuteleza. Haunuki, hauwashi. Nilikwenda duka la dawa wakasema ni UTI, nikapewa vidonge. Ukaisha, mwezi uliofuata ukarudi. Mwenzangu wa kwaya akanishauri nijisafishe ndani kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Huyohuyo anasema nesi kanidanganya, kwamba zile siku 14 zinahesabiwa kuanzia damu ilipokatika, si ilipoanza.

Tarehe zangu nimeziandika nyuma ya daftari la mauzo. Damu ilianza Januari 6, Februari 8, Machi 15, Aprili 16 na Mei 20. Inakaa siku tano. Safari iliyopita mume wangu alifika Aprili 27 akaondoka alfajiri ya Mei 1. Mwanzoni mwa Juni anapita tena na ameniuliza afike lini. Sijui nimjibu nini.

La mwisho naliuliza kwa aibu. Wamama wa sokoni wanasema nikimaliza tendo ninyanyue miguu ukutani nusu saa, na kwamba baridi ya Uyole ya mwezi wa sita inagandisha kizazi. Kuna ukweli hapo?

Ni mimi, Mama Bado, Uyole.

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya kukujibu chochote nilichukua kalamu nikazipanga tarehe zako. Januari 6 hadi Februari 8 ni siku 33. Februari 8 hadi Machi 15 ni 35. Machi 15 hadi Aprili 16 ni 32. Aprili 16 hadi Mei 20 ni 34. Hujachelewa hata mwezi mmoja. Mzunguko wako ni wa siku 32 hadi 35, na umetulia hapo. Anayechelewa ni yule mwanamke wa siku 28 aliyemo ndani ya simu yako, na wewe siye.

Programu nyingi za kalenda huanza zikiwa zimewekewa siku 28. Baadhi hujirekebisha ukizijazia tarehe za miezi kadhaa, nyingine hubaki na ile namba ya siku ya kwanza mpaka uibadilishe kwa mkono wako. Yako inaelekea ni hizo za pili. Aprili 16 ukiongeza siku 28 unaangukia Mei 14. Kuanzia hapo simu ikaanza kupiga kelele, ukaenda kununua vipimo, na damu ikaja Mei 20, ambayo kwa mwili wako ilikuwa tarehe ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo tuzungumze kwanza juu ya hao watoto wanne, maana naona ndio wanaokunyima usingizi. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta dalili kwamba mimba iliingia ikatoka, sijaiona. Damu imekuja kwa wakati wake, imekaa siku tano kama kawaida, na hujataja maumivu mapya wala damu nyingi kuliko ulivyozoea. Nikuambie na ukweli wa vile vipimo, usije ukavitegemea kuliko vinavyostahili: ulipopima siku mbili tatu baada ya Mei 14 ilikuwa mapema mno kwa mzunguko wako, hata kama mimba ingekuwepo kipimo cha mkojo kingeweza kushindwa kuiona. Mstari mmoja wa siku ile haukuwa na la kusema upande wowote. Ila damu iliyokuja tarehe yake, mwezi baada ya mwezi, ni hedhi. Futa ile hesabu ya wanne kichwani. Huna msiba, mwanangu.

Sasa hiyo siku ya 14 imetoka wapi? Mzunguko una vipande viwili. Cha kwanza kinaanzia siku damu inapoanza kutoka (hiyo ndiyo siku ya kwanza, si siku unayokauka) na kinaisha yai linapopevuka na kutoka kwenye kifuko chake. Kipande hiki hurefuka na kufupika. Kwa mwanamke mmoja kinachukua siku 11, kwa mwingine 21, na kwa mwanamke yuleyule kinaweza kusogea akiugua, akipungua sana uzito au akiwa na mawazo mazito. Kipande cha pili kinaanzia yai linapotoka hadi damu nyingine inapoanza. Hiki ndicho kinachotulia: kwa wengi ni kama siku 14, ukipishana sana ni siku 11 hadi 16.

Ndiyo maana yai huhesabiwa kurudi nyuma, kutoka damu inayokuja, wala si kwenda mbele kutoka damu iliyopita. Daktari Kyusaku Ogino wa Japani na mwenzake Hermann Knaus wa Austria walilionyesha hilo miaka ya 1920, kila mtu kwa utafiti wake. Mwanamke wa siku 28 akitoa 14 anabaki na 14, kwa hiyo kwake nesi amesema kweli. Wewe wa siku 34 ukitoa 14 unabaki na 20. Nesi wako hakukudanganya, alikupa jibu la mtu mwingine.

Tuutazame mwezi wa Aprili. Damu iliyofuata ilikuja Mei 20. Rudi nyuma siku 14, unafika Mei 6. Hapo ndipo yai lako lilipotoka, au jirani na hapo. Yai likishatoka linaishi kati ya saa 12 na 24 tu. Mbegu za mwanaume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano, kama mazingira ni mazuri. Mume wako alilala nyumbani mara ya mwisho usiku wa Aprili 30. Wakati yai linatoka, mbegu zake za mwisho zilikuwa zimeshakwisha, na yeye mwenyewe pengine alikuwa Tunduma anasubiri zamu ya kuvuka. Mtu kagombana na bosi wake ili awahi siku ambayo haikuwa na kitu.

Na hapa nicheke kidogo na mwenzako wa kwaya. Hesabu yake ni mbovu, lakini wewe ingekusaidia kwa bahati tu. Damu yako ilikatika Aprili 20. Kumi na nne kutoka hapo ni Mei 4, katikati kabisa ya siku zako nzuri. Ampe mwanamke wa siku 26 ushauri huohuo, atamkosesha kwa wiki nzima.

Nije kwenye ule uteute, kwa sababu hapo mwili wako umekuwa ukikuambia kila mwezi na duka la dawa limekuwa likiunyamazisha. Yai linapokaribia kupevuka, homoni ya estrojeni hupanda, na mlango wa kizazi hutoa ute mwingi, mwepesi, wa kuteleza, unaofanana na ute mweupe wa yai bichi la kuku. Ukiuweka kati ya kidole gumba na cha shahada ukavitanua, unavutika bila kukatika. Ute huo una kazi: mbegu zinaogelea humo, zinalindwa humo, na bila huo nyingi hufa mapema. Yai likishatoka, ute hugeuka mzito na wa kunata, au unakauka kabisa. Umeandika kwamba unauona siku chache baada ya mume wako kuondoka. Aliondoka Mei 1, yai lilitoka kama Mei 6. Vimekutana sawasawa. Hata kabla sijagusa kalamu, kile kipande cha barua yako kilikuwa kimeshatoa jibu.

Huo si UTI. UTI ni ugonjwa wa njia ya mkojo: unakojoa kila mara kidogokidogo, mkojo unaunguza, chini ya kitovu panauma, na inathibitishwa kwa kupima mkojo, si kwa muuzaji kukusikiliza dirishani. Maambukizi ya ukeni nayo yana alama zake: harufu mbaya, muwasho, rangi ya njano au kijani, au uchafu mzito wa mabongemabonge. Ukiona hayo nenda ukapimwe. Ute usio na harufu wala muwasho, unaokuja na kuondoka wenyewe kila mwezi, haunywewi dawa. Na acha kabisa kujiosha ndani, kwa chumvi, kwa sabuni, kwa limau au kwa chochote. Uke unajisafisha, na bakteria wazuri wanaoulinda unawaosha pamoja na huo unaouita uchafu. Zaidi ya hapo, unatafuta mtoto huku unaosha njia anayopitia.

Wakatoliki watakuwa wameshaijua habari hii ya ute kwenye semina za ndoa, kwa jina la Billings, yaani John na Evelyn Billings, madaktari mke na mume wa Australia walioieneza. Sioni sababu ya kuiacha iwe ya Wakatoliki peke yao.

Basi Juni. Damu ya mwisho ilianza Mei 20. Kwa mzunguko wako, inayofuata itakuja kati ya Juni 21 na Juni 24. Rudi nyuma siku 14: Juni 7 hadi Juni 10. Ongeza siku tano kabla yake kwa ajili ya mbegu kusubiri, unapata kuanzia Juni 2. Mwachie mwili siku mbili za kuchelewa, unafika Juni 12. Mume wako akiweza kupita popote katikati ya hapo kuna matumaini, lakini kama ana usiku nne tu mwambie zianzie Juni 6. Siku mbili kabla ya yai na siku yenyewe ndizo zenye nguvu. Kukutana kila siku au siku moja baada ya nyingine, yote sawa, msijitese kwa ratiba. Na ukiuona ute unavutika tarehe ambayo hesabu yangu haikuitaja, ufuate ute, achana na hesabu yangu. Kalenda inakisia kwa kuangalia miezi iliyopita, ute unasema habari za leo.

Damu isipokuja mpaka Juni 25, hapo ndipo pesa ya kipimo itakuwa na maana. Kabla ya hapo usinunue.

Daftari la mauzo linatosha, usiache kuandika. Tarehe damu ilipoanza, siku ilipokatika, siku ulizoona ute na ulivyokuwa, na siku mume alizokuwa nyumbani. Simu nayo usiitupe: ingia kwenye mipangilio, badilisha 28 uweke 34, jaza tarehe zote tano ulizoniandikia. Kama simu yenu inashikwa na kila mtu pale uwanjani, iwekee namba ya siri, mambo haya si ya kusomwa na wifi.

Kuna wanaopima joto la mwili kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Baada ya yai kutoka joto hupanda kidogo, kama nyuzi 0.2 hadi 0.5, na kubaki juu mpaka hedhi. Ni njia ya kweli, lakini inataka kipimajoto kizuri, usingizi wa kutosha na muda uleule wa kuamka, na inakuambia yai limeshatoka wakati wewe unataka kujua linakuja. Mtu anayedamka gizani kupokea viazi vinavyoshushwa kwenye fuso simshauri. Kwenye famasi kubwa za mjini vipo pia vipimo vya mkojo vinavyoonyesha yai linakaribia kutoka. Ukivipata kwa bei unayoimudu, anza kuvitumia tangu Juni 3 na si siku ya 10 au 11 kama karatasi ya ndani itakavyowaelekeza wa siku 28.

Sindano. Za miezi mitatu huchelewesha kizazi kurudi kuliko njia nyingine, hilo ni kweli. Wanawake wengi hushika mimba karibu miezi 10 tangu sindano ya mwisho, wengine huzidi mwaka. Ila hazichomi kizazi, na kwako hedhi imesharudi kwa mpangilio, na ute unauona. Muda wako wa kuzisubiri umepita, usizisingizie tena.

Kwa sababu hiyo sitaki uniambie utajaribu kwa kalenda mwaka mwingine ndipo uende hospitali. Kanuni ya madaktari ni mwaka mmoja wa kukutana bila kinga, baada ya hapo wapimwe wote wawili. Ninyi mmepishana na siku zenyewe, kwa hiyo miezi mingi haikuwa na nafasi yoyote, na hilo linanipa matumaini makubwa. Lakini miaka miwili ni miaka miwili. Hesabu mpya na hospitali viende pamoja. Mbeya mna bahati, hospitali ya rufaa iko palepale mjini na daktari bingwa wa wanawake yupo.

Nasema wote wawili nikimaanisha hivyo. Karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume una mchango wake, peke yake au pamoja na wa mke. Kipimo cha shahawa ni chepesi, hakikati wala hakichomi. Kinataka awe amekaa siku mbili hadi saba bila tendo, na kwa mtu anayekaa barabarani wiki nyingi, hizo saba zinaweza kuwa zimeshapita. Kwa hiyo aulize kwanza hospitali aende siku gani, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Majibu yakiwa si mazuri, asivunjike moyo. Mbegu hutengenezwa upya kwa muda wa karibu miezi mitatu, na akipunguza sigara na pombe, au akitibiwa maambukizi kama yapo, mara nyingi hali hubadilika.

Kwako daktari ataangalia kizazi na mifuko ya mayai kwa mashine, huenda akapima na mirija kama iko wazi. Kuna pia kipimo cha damu cha homoni ambacho wengi wanakiita cha siku ya 21, kinachoonyesha kama yai lilitoka. Hapo uwe macho. Kimewekwa siku hiyo kwa ajili ya mwanamke wa siku 28, wiki moja kabla ya hedhi yake. Wiki moja kabla ya hedhi yako ni siku ya 26 au 27. Ukipimwa siku ya 21, majibu yanaweza kusema hutoi yai wakati umelitoa jana yake. Peleka daftari lako, mwonyeshe daktari zile tarehe tano, naye atapanga vizuri. Hapohapo ulizia vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku. Mwanamke anayetafuta mtoto huvianza kabla ya mimba kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto huumbwa mapema, wakati wengi hawajajua hata kama wamebeba.

Wasomaji wengine wasichukue namba za Mama Bado. Mzunguko wa kawaida wa mtu mzima ni kati ya siku 21 na 35, hivyo yeye yuko mwisho wa uzio lakini ndani. Anayezidi hapo mara kwa mara, anayekaa miezi mitatu bila damu na hana mimba, anayetoka damu katikati ya mwezi au baada ya tendo, anayeloweka pedi ndani ya saa moja au mbili, au anayelala kitandani kwa maumivu kila mwezi, huyo hahitaji kalenda, anahitaji daktari. Na wewe unayesoma hapa ili ukwepe mimba, kuwa mwangalifu. Zile shanga za kuhesabia siku zinawafaa tu wenye mizunguko ya siku 26 hadi 32, na hata wakizifuata bila kosa, katika wanawake 100 kama watano hushika mimba ndani ya mwaka. Mama Bado mwenyewe zingempotosha.

Mama mkwe sasa. Dawa ya mizizi iache, na iache kabla ya Juni. Hatujui kilichomo, hatujui kipimo chake, imeshakuharisha, na mizizi mingine husukuma kizazi kibane, jambo ambalo mtu anayetarajia mimba hataki hata kulisikia. Lakini usimwage mbele yake wala usimwambie dawa zake ni za kishamba. Mama huyo amepanda gari mpaka Rungwe kwa ajili yako. Kaa naye jikoni, mwambie: "Mama, nashukuru ulivyonihangaikia. Nimepanga kwenda hospitali na mwanao, na wamesema nisiwe na dawa nyingine mwilini wakati wa vipimo, kwa hiyo naomba nipumzike hii." Si uongo, daktari atakuambia hivyohivyo. Na ile habari ya mimba zinazotoka, mwonyeshe daftari. Ameshawahi kulima, anajua kila mbegu ina miezi yake ardhini.

Mume wako mwambie yote, na machozi umwambie. Usiishie kumpa tarehe kwenye simu kama mtu anayeagiza mzigo. Akifika mketishe, mfungulie ukurasa ule wa nyuma, mhesabu pamoja kurudi nyuma kutoka Juni 24. Dereva anaijua ratiba kuliko mimi na wewe. Akishaelewa, mwezi wa saba atakupigia yeye.

Yamebaki ya sokoni. Baridi ya Uyole naijua, mwezi wa sita inapasua midomo, lakini ndani ya tumbo lako ni nyuzi 37 Juni kama Desemba, hakuna kinachoganda. Na miguu ukutani, hapana. Mbegu zinazofika zinaingia kwenye ute wa mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, na kile kinachomwagika baadaye si hizo. Lala upande unaoupenda, ujifunike blanketi.